Mwalimu Presha na Jibu Alilolinyamazia

Jina la Presha hakupewa na mama yake. Alipewa na wanafunzi, mwaka wake wa pili kazini, kwa sababu kwake kila kitu kilikuwa presha: presha ya hewa, presha ya maji, presha ya muhula unaokwisha na silabasi bado iko nusu. Alikuwa akiingia darasani kwa kishindo, chaki ameichomeka sikioni kama penseli ya seremala, na kabla hajaitikia salamu ameshachora kitu ubaoni. Alifundisha vizuri, hilo hata waliomwogopa walilikubali. Kasoro yake ilikuwa moja. Alipenda kuchekesha, na ili watu wacheke lazima apatikane wa kuchekwa.

Mwaka wake wa kumi alikabidhiwa darasa la mtihani, kidato cha nne, watu arobaini na mmoja. Safu ya pili, karibu na dirisha lililovunjika kioo, alikaa binti mmoja mwembamba ambaye shule nzima ilimwita Ila. Hakuwa na swali lisiloanza hivyo. "Ila, mwalimu, mbona…" "Ila, mwalimu, kama ni hivyo…" Mama yake alikuwa mfagizi kwenye ofisi moja ya serikali, akimlea peke yake, na binti alishasema mbele ya watu kwamba anataka uhandisi. Walimu wengine walimwona msumbufu. Presha alimpenda, kwa namna yake. Alijua swali la Ila likija, kicheko hakiko mbali.

Siku ya somo lenyewe, Presha alichora bomba ubaoni, nene pande zote mbili na jembamba katikati kama mtu aliyejifunga mkanda. Akaandika: *Maji yakifika penye wembamba, kasi huongezeka na presha huongezeka.* Ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari lake la chuo, na ndivyo alivyofundisha miaka tisa iliyotangulia.

Ila akanyoosha mkono.

"Ila, mwalimu, kasi nimeielewa. Maji yanayoingia ndiyo yanayotoka, sasa pakiwa pembamba lazima yakimbie ili yote yapite. Lakini presha ndiyo sijaielewa."

"Hujaelewa nini?"

"Kitu hakiongezi mbio hivihivi, lazima kisukumwe. Kama presha ya mbele, kwenye wembamba, ndiyo kubwa, si itakuwa inayarudisha maji nyuma? Nani sasa anayasukuma yakimbie? Mimi naona ya nyuma ndiyo iwe kubwa, na ya kwenye wembamba iwe ndogo."

Maneno yale yalimgusa Presha mahali. Lakini macho ya darasa zima yalikuwa yakimtazama yeye.

"Tokeni nje wote," alisema. "Leo mhandisi wetu atatufundisha."

Akawapeleka kwenye bustani ya shule, palipokuwa na mpira wa kumwagilia maua. Akafungulia maji, akampa Ila mpira aushike, akamwambia aubane mdomo kwa kidole gumba. Maji yakaruka kwa nguvu, yakagonga ukuta, yakamrudia. Sare ikalowa kuanzia kifuani mpaka magotini.

"Haya, mhandisi! Presha imepungua?"

Watu walivunjika mbavu. Wengine walikaa chini kwenye nyasi kwa kucheka.

"Ila, mwalimu, kidole hiki ndicho kina…"

"Ila imekwisha. Funga bomba, ukakae."

Ila alirudi darasani akiwa ameikunja mikono kifuani ili nguo iliyolowa isionekane. Hakunyoosha mkono tena muhula ule.

Wiki mbili kabla ya mtihani, shule ilipata sanduku la vifaa vya maabara vilivyokwishatumika mahali pengine. Mtunza maabara, mwanamke wa makamo aliyekuwa akivaa koti jeupe lenye vifungo viwili tu, alimwita Presha baada ya vipindi vya mchana.

"Mwalimu, njoo unisaidie hiki. Nimekiosha, nimekifunga, ila nadhani kinavuja."

Lilikuwa bomba la kioo, urefu wa mkono, nene mwanzo na mwisho, jembamba katikati. Juu yake ilisimama mirija mitatu iliyo wazi, mmoja kwenye unene wa kwanza, mmoja kwenye wembamba, mmoja kwenye unene wa pili. Maji yakipita ndani ya bomba, mengine yanapanda kwenye mirija. Penye presha kubwa yanapanda sana, penye ndogo yanapanda kidogo. Mtoto mdogo angeweza kuisoma.

Mtunza maabara akafungulia. Mrija wa kwanza maji yakapanda hadi juu. Wa katikati yakapanda kidogo tu, yakakomea hapo. Wa tatu yakapanda tena, ingawa hayakufikia ya kwanza, maana maji nayo hupoteza nguvu kidogo njiani kwa kujisugua na bomba.

"Umeona? Huu wa kati ndio mbovu," alisema mtunza maabara.

Presha alipitisha kidole chini ya bomba. Pakavu. Akalitoa, akaligeuza mbele nyuma, akafunga upya. Katikati pakabaki chini. Akaupuliza mrija, hauna uchafu. Akafungulia maji zaidi, na mrija wa katikati ndio ukashuka kuliko mwanzo.

"Hakivuji," alisema.

"Basi kina nini?"

"Hakina kitu."

Alimwambia mama yule aende zake nyumbani, yeye atafunga. Akaketi kwenye stuli, akachukua kitabu cha kiada, siyo daftari lake, na kusoma ukurasa ule neno kwa neno kama mtu anayesoma barua ya daktari. Maji yanapoongeza kasi, presha yake hupungua. Ya nyuma huwa kubwa, ndiyo inayoyasukuma. Yakitoka penye wembamba yanapunguza mwendo, presha inapanda tena. Alivyosema Ila, karibu kwa maneno yaleyale. Na ule mpira wa bustani? Kidole kilikuwa kimeyazuia maji; ndani ya mpira, nyuma ya kidole, maji yalikuwa yamepunguza mwendo, na hapo ndipo presha ilipopanda. Yalipochomoka nje yalikuwa na mbio, siyo presha. Kidole kilisukumwa kwa sababu kiliyazuia. Na ndicho binti alichokuwa akitaka kusema, akaambiwa akakae.

Alipofungua daftari lake la chuo alikuta wino umefifia, na hakujua kama alikosea mwalimu wake au alikosea yeye kunakili. Wala haikumsaidia kujua.

Akakata shauri: Jumatatu nawaambia.

Jumatatu mkuu wa shule alileta mgeni darasani, kipindi kikaliwa na hotuba. Jumanne ilikuwa marudio ya umeme, na darasa zima lilikuwa halijui umeme. Jumatano Presha alisimama mbele, chaki mkononi, akafungua mdomo, na macho yake yakaangukia safu ya pili. Ila alikuwa ameinama, anaandika tarehe. Presha akaona jinsi itakavyokuwa. Atasema, "Jamani, lile somo la bomba…" Watu watamgeukia Ila. Mmoja atacheka. Watakumbuka bustani, safari hii wa kuchekwa ni yeye.

"Fungueni ukurasa wa lenzi," alisema.

Alijifariji kwamba swali la namna ile halikuwa limetoka miaka sita. Alijifariji kwamba waliosoma kitabu wataona wenyewe. Alhamisi alijifariji kwamba sasa amechelewa, atawachanganya bure watu walio ukingoni mwa mtihani. Faraja zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja iliyomletea usingizi. Mkewe, fundi cherehani, alimwuliza kama anaumwa. Akasema ni presha ya mtihani.

Siku ya karatasi ya fizikia alizunguka kwenye korido kama watu wanaosubiri nje ya wodi. Wanafunzi walipotoka aliiomba karatasi kwa wa kwanza aliyempata. Swali la kumi na moja lilikuwa na mchoro. Bomba nene, jembamba katikati. *(a) Ni wapi presha ni ndogo zaidi? Eleza sababu.* Vipengele vingine vitatu vilijengwa juu ya hicho cha kwanza. Ukikosea pale, umeteleza na vyote.

"Mwalimu!" mwanafunzi akamwambia, uso unang'aa. "Lile la bomba si ulitufundisha? Nimelimaliza la kwanza!"

Presha alimrudishia karatasi.

Matokeo yalipobandikwa, fizikia ilikuwa imeshuka kuliko miaka yote, na mkuu wa shule alisema kizazi hiki hakisomi. Presha aliinamisha kichwa, na wenzake wakadhani amekubali. Ila alifaulu vizuri masomo yote isipokuwa hilo moja. Alikuwa pungufu daraja moja tu, na kwa daraja hilo mlango wa sayansi ukafungwa.

Kisha likaja jambo baya zaidi kuliko matokeo. Mama yake Ila alikuja shuleni na sare yake ya ufagizi, amepitia njiani kabla ya zamu ya mchana. Alimkuta Presha nje ya ofisi ya walimu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, nimekuja kushukuru. Mtoto kashindwa, ndiyo mambo ya dunia. Lakini wewe umemhangaikia mwanangu, nasema asante. Nakuombea kila siku."

Presha alisema, "Haya, mama."

Mwaka uliofuata alifundisha sawasawa. Alichora bomba lilelile, akaandika *presha hupungua*, akaendelea kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Daftari la chuo alilichoma. Kuchekesha aliacha, wanafunzi wapya walimjua kama mtu mkimya, na jina la Presha likabaki bila mtu kukumbuka lilikotoka. Ikapita miaka saba. Roho ilikuwa ikimsuta, lakini alishaizoea kama mtu anavyozoea jino linalouma upande mmoja: unatafunia upande mwingine.

Kilichomtoa huko ni bintiye mwenyewe, aliyekuwa ameanza sekondari katika shule nyingine. Jioni moja alikuwa anakula, akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?" mama yake aliuliza, kichwa hakijainuka kwenye cherehani.

"Mwalimu wetu wa hesabu. Leo kaingia, hata hajakaa, kasema, 'Jamani, jana niliwadanganya. Nimefika nyumbani nikaona nimekosea. Futeni ukurasa wote.' Tukafuta, tukaendelea."

"Mlimcheka?" Presha aliuliza.

"Kidogo. Halafu tukaendelea na somo, baba. Dakika tatu tu."

Dakika tatu. Presha aliweka kijiko chini. Mkewe aliinua kichwa, akamwangalia, akazima mashine.

Usiku haujaingia bado alikuwa ameshamweleza mkewe yote, tangu bustani mpaka yule mama wa ufagio. Mkewe hakumwambia pole.

"Wote walikuwa arobaini na mmoja?"

"Ndiyo."

"Na orodha unayo?"

"Ninayo."

"Basi unajua pa kuanzia."

Akaanza na waliokuwa karibu. Wa kwanza alikuwa kinyozi, kibanda chake nyuma ya stendi. Alimkalisha mwalimu wake kwenye kiti, akamfunga kitambaa shingoni kabla hajasema neno, na Presha akajikuta anaungama huku ananyolewa.

"Swali la kumi na moja?" kinyozi akasimamisha mashine. "Mwalimu, mimi hilo sikulijibu kabisa. Karatasi ile niliandika jina na namba, nikachora na gari. Tulia usijikatishe sikio."

Wa pili, muuza viatu, alifikiri amekuja kudai kitabu cha maktaba, akaapa alikirudisha. Wa tatu alikuwa muuguzi; alisikiliza, akasema, "Kumbe," akamwuliza habari za watoto. Mmoja alipiga kelele kwenye simu kwamba ndiyo maana maisha yake yameharibika, kisha akacheka, akasema anatania. Mmoja alikuwa ameshafariki, na Presha alisimama kwenye mlango wa dada yake, akatoa pole tu. Kila aliyesamehe alimwongezea uzito. Alijua anazunguka. Alikuwa amelibakiza jina moja.

Ila alikuwa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na wino, akiendesha mashine kubwa ya kukatia karatasi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, kitambaa kichwani, vidole vina makovu madogo madogo. Alimtambua mara moja.

"Shikamoo, mwalimu. Subiri nimalize rundo hili, mashine hii haitaki mazungumzo."

Presha alisimama kando ya marobota. Kisu kilishuka, kikapanda. Alipomaliza, Ila alifuta mikono, akamwonyesha boksi la kukalia. Yeye alibaki amesimama.

"Nimekuja kwa ajili ya lile somo la bomba," Presha alisema. "Ulikuwa umepatia. Mimi ndiye niliyekosea. Na siku ile ya mpira…"

"Nakumbuka siku ya mpira."

"Naomba radhi."

Ila alitazama mlangoni kidogo. "Nilijua nimepatia," alisema. "Kwenye mtihani nililiandika langu kwanza. Halafu nikafikiria, mwalimu kasoma chuo, mimi nimesoma nini? Nikalifuta. Nilifuta mpaka karatasi ikataka kutoboka. Nikaandika lako." Akainua mabega. "Mtu hukosea, mwalimu. Mimi huwa nakutetea. Wenzangu wakikusema, nawaambia hakujua."

Hapo Presha angeweza kuondoka. Msamaha ulikuwa umewekwa mezani, kilichobaki ni kuuchukua.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Wiki mbili kabla ya mtihani. Kililetwa kifaa maabara, nikaona kwa macho yangu. Nikasoma na kitabu. Nilijua umepatia, nikanyamaza. Niliogopa mtanicheka."

Mashine nyingine zilikuwa zinagonga upande wa pili wa chumba. Uso wa Ila haukukunjamana, ulifungika tu, kama duka.

"Wiki mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Kipindi cha Jumatano ulisimama mbele yetu, ukaniangalia. Nilidhani unataka kunipa pole ya siku ile."

"Nilitaka kusema."

"Sasa umekuja nifanye nini, mwalimu? Nikwambie yamekwisha, ukalale?"

Kusema kweli, ndicho Presha alichokuwa amekijia.

"Mimi sina la kukupa leo," Ila alisema. Sauti ilikuwa ya chini. "Lakini mama bado anakuombea. Ukimtaja mwalimu, kwake ni wewe. Nenda ukamwambie. Siyo mimi nimwambie, wewe. Anakaa palepale."

Akampa mgongo, akapakia rundo jingine.

Alikwenda siku hiyohiyo, kwa sababu alijijua; angesema kesho, kesho ingezaa keshokutwa. Mama alikuwa amestaafu, anaishi chumba na sebule, redio imewashwa. Alifurahi mpaka akakosa pa kumketisha. Alimwekea chai bila kumwuliza. Presha alisema yote akiwa amesimama, kikombe mkononi, bila kuruka bustani, bila kuruka nguo iliyolowa, bila kuruka wiki mbili. Mambo ya bomba mama hakuyaelewa wala hakuyahitaji. Alielewa kwamba mwanawe alikuwa na jibu, na mtu akalijua, akanyamaza.

Alizima redio.

"Siku ile alikuja amelowa," alisema. "Nikamwuliza, akaniambia alijimwagia maji bombani. Nikamgombeza kwa kuchezea maji." Akaisukuma redio kando. "Nilimgombeza, mwalimu."

"Nisamehe, mama."

"Nilikuja mpaka shuleni kukushukuru. Nikakushika mikono. Hukuona aibu?"

"Niliona."

"Ukasema haya, mama." Alitazama chini, akaikunjua kanga magotini, akaikunja tena. "Kunywa chai yako, halafu uende. Sitakufukuza na kikombe mkononi."

Aliinywa, ikiwa ya moto, ikamwunguza, akaondoka.

Wiki iliyofuata alimwambia mkuu wa shule, mpya kwa wakati huo, aliyemwuliza kwa mshangao kwa nini anafukua mambo ya miaka saba. Aliandika pia kwa ofisi ya mitihani, akataja mwaka, somo na namba ya swali. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu, mistari miwili: matokeo yaliyotangazwa hayabadilishwi. Wanafunzi wake wa sasa aliwaambia siku ya somo la bomba, wote, na majina ya watu akayaficha isipokuwa la kwake. Walimcheka kidogo. Kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, yule dada yuko wapi sasa?" na kicheko kikaisha.

Mama wa Ila hakumpigia simu, naye hakuthubutu kupiga. Kwa Ila alituma ujumbe mara moja, akisema akitaka kurudia mtihani yuko tayari kumsaidia, wakati wowote, popote. Haukujibiwa.

Miaka miwili baadaye, akipitia matokeo ya watahiniwa wa kujitegemea kwa ajili ya wanafunzi wake wa zamani waliorudia mtihani, aliliona jina kamili la Ila. Ilimchukua muda kulitambua. Shule nzima ilikuwa imelisahau. Fizikia, daraja la juu kabisa. Alikuwa amesoma peke yake, au kwa mtu mwingine, baada ya saa za kazi, vidole vina gundi. Mwezi uleule Presha alisikia kwa kinyozi kwamba Ila amepata nafasi chuo cha ufundi.

Alifika nyumbani mbio. Alichukua simu, akaitafuta namba.

"Unampigia nani?" mkewe aliuliza.

"Ila. Kafaulu. Nataka nimpe hongera."

Mkewe alikata uzi kwa meno, akaitandaza nguo juu ya meza.

"Mwache," alisema. "Atakapotaka kukwambia, atakwambia. Furaha hiyo siyo yako, baba."

Presha akaiweka simu juu ya kabati, akavuta rundo la madaftari ya kusahihisha, akaanza na la juu.